Njia zisizo na magari Kajiado: Raha ya baiskeli inayotegemea ng'ombe na nyasi

MWENDESHAJI baiskeli anayeondoka Kitengela alfajiri ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni lami ya barabara kuu ya Namanga, ambako trela za saruji, matatu na mabasi ya kwenda Arusha hugombania nafasi na ambako upepo wa lori likipita humyumbisha mtu hadi ukingoni. Ya pili ni njia ya vumbi na changarawe inayoacha majengo nyuma, inapita kando ya maboma na mabwawa ya maji ya mifugo, na kumtumbukiza katika tambarare ya Athi-Kapiti. Huko anaweza kwenda kwa muda mrefu bila kukutana na gari hata moja.

Njia hii ya pili ndiyo inayowavutia wapenzi wa mchezo ambao umeenea duniani katika muda wa miaka ishirini hivi iliyopita, yaani uendeshaji baiskeli kwenye changarawe. Makala haya yanaeleza mchezo wenyewe, mahali unapowezekana katika Kaunti ya Kajiado na viunga vyake, na sababu zinazofanya njia hizo zizidi kupungua kila mwaka.

Baiskeli yenyewe

Baiskeli ya changarawe ni mseto. Usukani wake umepinda kuelekea chini kama wa baiskeli ya mashindano ya lami, lakini tairi zake ni pana zaidi, aghalabu kati ya milimita 38 na 50, na hujazwa upepo kidogo ili zisirukeruke juu ya mawe. Breki ni za sahani wala si za kubana ukingo wa gurudumu, na gia zake ni nyepesi kwa ajili ya milima. Haina springi nzito kama baiskeli ya milimani, kwa hivyo haimchoshi mtu katika safari ya kilomita mia moja.

Mashindano yaliyoupa mchezo huu jina yalianza mwaka wa 2006 katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas, Marekani. Shirikisho la kimataifa la uendeshaji baiskeli, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe mwaka wa 2022 huko Veneto, Italia.

Hata hivyo, mzee yeyote wa Kajiado aliyewahi kubeba gunia la mahindi juu ya "Black Mamba" kutoka sokoni hadi nyumbani atashangaa kuambiwa kwamba jambo hili ni jipya. Ile baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia ilipita katika njia hizi hizi miongo mingi kabla ya wazungu kuvumbua jina. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa akitafuta raha.

Kule Alps, sheria ndiyo hufunga barabara

Ili kuelewa hali ya Kajiado, inafaa kwanza kutazama mahali ambapo njia zisizo na magari zimepangwa kwa makusudi. Katika jimbo la Tyrol nchini Austria kuna hifadhi ya milima iitwayo Karwendel, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 700. Ndani yake mna barabara za changarawe zilizochongwa kwa ajili ya wakata miti na wachungaji wanaopandisha ng'ombe malishoni wakati wa kiangazi. Magari ya umma hayaruhusiwi. Mwenye baiskeli hupanda kutwa nzima na kusikia kengele za ng'ombe tu.

Wengi hudhani kwamba uhuru huo umetolewa na asili. La hasha. Sheria ya misitu ya Austria ya mwaka wa 1975 humruhusu kila mtu kutembea msituni kwa miguu, lakini mwenye baiskeli sharti apate idhini ya mwenye msitu. Serikali ya Tyrol ilitatua tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuweka mikataba: mwenye ardhi hulipwa kwa kukubali njia ipite kwake, na bima hubeba lawama endapo mwendeshaji ataumia. Ndiyo sababu njia hizo zimechorwa ramanini na zina alama zake.

Kajiado haina mkataba wa aina hiyo. Hapa hakuna sheria iliyofunga njia za vumbi zisipitiwe na magari. Njia ni tupu kwa sababu ardhi ilikuwa ya malisho, watu walikuwa wachache, na ng'ombe wa Wamaasai pamoja na wanyamapori walihitaji nafasi ya kuhama kufuata mvua. Njia nyingi ambazo leo waendeshaji huziona katika ramani za simu zao zilianza kama nyayo za ng'ombe waliokuwa wakienda majini. Kwa maneno mengine, mfugaji ndiye aliyewatunzia njia, wala hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo.

Ardhi ilivyokatwa vipande

Baada ya uhuru, serikali ilitunga sheria ya mwaka wa 1968 iliyowezesha Wamaasai kumiliki ardhi kwa vikundi katika mfumo wa ranchi za pamoja. Wafugaji wa Kaputiei, ambao ndio wenyeji wa Kitengela na Isinya, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupokea. Lakini mikopo, migogoro ya uongozi na hofu ya kupokonywa ardhi viliwafanya wanachama kudai hati za mtu binafsi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ya pamoja ya Kitengela ilikuwa imegawanywa.

Mambo mawili yaliharakisha yaliyofuata. Moja ni eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, lililofunguliwa Athi River mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuvuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji nyumba za kupanga. La pili ni bei ya ardhi jijini Nairobi, iliyowasukuma watu wa tabaka la kati kutafuta ploti ya futi 50 kwa 100 popote ilipopatikana. Katika sensa ya mwaka wa 2009 mji wa Kitengela ulikuwa na wakazi wasiofika 60,000. Miaka kumi baadaye walikuwa wamepita 150,000, na kaunti nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki moja.

Kila ploti ina ua wake. Seng'enge, kuta za mawe na malango ya chuma vimechipuka mahali palipokuwa na nyasi. Mpimaji ardhi anapogawa shamba huacha nafasi ya barabara ya kufika kwenye kila kipande, kwa kuwa sheria inamtaka afanye hivyo. Lakini njia ya ng'ombe haimo katika ramani yake, wala mapito ya nyumbu. Mnunuzi akija na kuziba mahali ambapo watu wamepita kwa miaka hamsini, hati iko upande wake.

Waliolipa gharama kubwa zaidi ni wanyama. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina kilomita mraba 117 pekee na imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, kuvuka mto Mbagathi, uliachwa wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua kwenda tambarare za Kitengela na kurejea wakati wa kiangazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Siku hizi wamebaki elfu chache. Mwendeshaji baiskeli anayezungushwa kilomita tano kwa sababu ya ua mpya anaonja kidogo tu yale yaliyompata nyumbu.

Fedha za kuacha ardhi wazi

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka wa 2000 mashirika ya uhifadhi yalianzisha mpango wa kukodisha ardhi Kitengela. Mfugaji alilipwa dola nne za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka ili asiweke ua, asiuze, asichimbe mawe na asiwadhuru wanyamapori. Malipo yaligawanywa mara tatu na kupangwa yaende sambamba na miezi ya karo, na kwa familia nyingi ndiyo yaliyowaweka watoto shuleni.

Huo ulikuwa mpango wa busara, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndio uliofanana zaidi na mikataba ya Tyrol kuliko jambo lingine lolote lililowahi kufanywa nchini. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulitegemea wafadhili. Isitoshe, dola nne kwa ekari haziwezi kushindana na mnunuzi anayefika na mamilioni ya shilingi. Mzee mwenye mgonjwa hospitalini hawezi kulaumiwa akiuza.

Kuna mfano mwingine wa kodi ya ardhi upande wa magharibi wa kaunti. Mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, ulioanza kuzalisha umeme mwaka wa 2021, una mitambo 60 iliyosimikwa juu ya ardhi ya wafugaji waliokodisha. Ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya mapanga yanayozunguka. Barabara za changarawe zilichongwa kufikia mitambo, na ni ngumu kuliko njia nyingi za kaunti, lakini ni za kazi. Anayetaka kuzipitia na aombe ruhusa kwanza.

Mahali pa kuendesha

Ndani ya Mbuga ya Nairobi, mgeni wa siku za kawaida huingia kwa gari wala si kwa baiskeli. Sababu iko wazi: kuna simba, nyati na vifaru. Mbuga inayojulikana zaidi kwa baiskeli ni Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1984. Ina kilomita mraba 68, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huruhusu wageni kupita kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na swala, chini ya majabali mekundu. Baiskeli hukodishwa karibu na lango. Magari yanaruhusiwa pia, kwa hivyo si njia tupu kabisa, lakini siku za kazi huwa machache.

Karibu zaidi na Kitengela, upande wa Machakos, liko eneo la Swara Plains, lililokuwa ranchi ya mifugo na baadaye ya wanyamapori. Kwa mkazi wa Nairobi asiyetaka kwenda mbali, Msitu wa Karura una njia maalumu za baiskeli zilizo ndani ya ua na zenye walinzi. Ni mahali pazuri pa kumfundishia mtoto, ingawa aliyezoea upeo wa tambarare atahisi amefungiwa.

Safari ambayo waendeshaji wenye uzoefu huisifu ni ile ya kutoka mji wa Kajiado kushuka kuelekea Magadi. Reli ya tawi la Magadi, iliyojengwa kati ya Konza na ziwa hilo kwa ajili ya kusafirisha magadi na kukamilika mwaka wa 1915, ina urefu wa kilomita 146 hivi, na hupitia Kajiado, Elangata Wuas na Singiraini. Njia za vumbi za wafugaji hufuata mkondo huohuo, mara zikiisogelea reli, mara zikiiacha. Kutoka Kajiado, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani penye mita 600 hivi, mtu huteremka zaidi ya kilomita moja wima. Joto nalo hupanda kila anaposhuka. Malori ya mawe ya marumaru hutumia sehemu ya kwanza ya njia, hivyo utulivu kamili huanza baada ya machimbo. Garimoshi la magadi lingali linapita. Hakuna anayepaswa kuendesha juu ya reli.

Kurejea, wengi huchagua lami ya Magadi hadi Kiserian, ambayo ina magari machache hadi inapokaribia mji. Inapita Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimbua mashoka ya mawe ya binadamu wa kale katika miaka ya 1940. Kupanda kutoka huko hadi Kona Baridi, juani, baada ya kilomita mia moja, ni kazi ya kumtoa mtu jasho na kiburi.

Kati ya Kitengela na Ongata Rongai kuna njia fupi za Olooloitikosh na Tuala, kusini mwa mbuga. Miaka kumi na mitano iliyopita zilikuwa pori. Leo ni mchanganyiko wa maboma, mashamba ya vitunguu yaliyo ndani ya ua, shule za kibinafsi na nyumba zinazoendelea kujengwa, na malori ya mchanga na mawe yamekuwa mengi. Ni hapa panapoonekana wazi jinsi njia isiyo na magari inavyogeuka kuwa barabara ya kawaida: kwanza huja bodaboda, kisha lori la mawe ya kujengea, kisha gari la mwenye nyumba, na hatimaye ombi la wakazi wapewe lami. Ombi lenyewe ni la haki. Mama mjamzito anayehitaji kufika hospitalini usiku wa mvua hawezi kuambiwa asubiri ili mwenye baiskeli ya laki tatu apate changarawe safi.

Simba, miiba na udongo mweusi

Hatari ya wanyama si hadithi. Mnamo Juni 2012 simba sita waliouvamia mji wa mfugaji Kitengela na kula mbuzi waliuawa na wakazi wenye hasira. Machi 2016 simba aliyefahamika kwa jina Mohawk alitoka mbugani, akafika Isinya, akamjeruhi mtu na akapigwa risasi na maafisa wa KWS. Ni katika viunga hivihivi ambapo kijana Richard Turere alibuni taa zinazomweka usiku ili kumhadaa simba adhani kuna mtu anayetembea kwa tochi. Alieleza ubunifu wake mbele ya dunia katika jukwaa la TED mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 13.

Kwa mwendeshaji, somo ni la saa. Simba na fisi huzunguka jioni, usiku na alfajiri. Ni heri kuanza jua likiwa limekwisha chomoza na kumaliza kabla ya saa kumi na moja jioni, kwenda wawili au zaidi, na kumuuliza mchungaji unayemkuta kama kuna jambo lililoonekana. Nyati aliye peke yake kichakani ni wa kuogopwa kuliko simba aliyeshiba.

Lakini kinachowasimamisha wengi ni miiba. Migunga midogo ya tambarare hudondosha miiba mirefu njiani, na mbigili hutambaa chini kila baada ya mvua na kutoboa tairi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Tairi zisizo na tyubu, zenye majimaji ya kuziba matundu ndani yake, hustahimili vizuri zaidi. Asiyekuwa nazo abebe tyubu tatu, viraka na pampu, kwa maana fundi wa baiskeli hapatikani kati ya Isinya na upeo wa macho.

Udongo mweusi wa tambarare ni adui wa aina nyingine. Ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza gurudumu la mbele. Ukilowa hunata, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, na baiskeli ya kilo kumi huwa mzigo wa kilo ishirini usiozunguka. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei na ile ya vuli ya Oktoba hadi Desemba hufunga njia nyingi kwa siku kadhaa. Mito mikavu nayo hufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, bila wingu lolote kuonekana juu ya mwendeshaji.

Wanaotoka hapa kwenda duniani

Kenya si mgeni katika mchezo wa baiskeli. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alifunzwa ujanani na David Kinjah wa Kikuyu katika njia za vumbi. Mnamo Juni 2021 mashindano ya changarawe ya Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara, yakawakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na mabingwa wa ng'ambo. Nahodha wa kikosi cha Amani kilichokuwa nyuma ya juhudi hizo, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Kifo chake kiliwatikisa wengi waliomwona kama mwalimu wa kizazi kizima.

Mashindano ya Mara hupita katika hifadhi za jamii, ambako wafugaji hukodisha ardhi zao kwa pamoja na ua hauruhusiwi. Huo ndio uhusiano ambao Kitengela ilikaribia kuupata na ambao sehemu za kusini mwa Kajiado, kuelekea Amboseli, zingali nao katika baadhi ya maeneo. Huko lakini kuna tembo, na baiskeli haiendi bila mlinzi anayeijua ardhi.

Kwa anayetaka kujaribu njia za Kajiado mwaka huu, miezi ya Januari, Februari na Juni hadi Septemba ndiyo yenye ardhi kavu. Abebe maji yasiyopungua lita tatu, kwani maduka ni machache na maji ya mabwawa ni ya mifugo. Akikuta lango lililofungwa aulize kabla ya kulifungua, na akilikuta limefungwa alifunge tena nyuma yake. Akikutana na kundi la ng'ombe ashuke, asimame kando, na amwamkie mchungaji kwa "Supa". Ng'ombe wakipita, atapanda tena.